Somo la Ufundi: Kinyago Juu ya Uso wa Akiba



Vikundi vya maigizo vya matawi yetu vimekuwa vikiuliza namna ya kutengeneza vinyago vinavyofanana na ngozi ya mtu, kama vile tunavyoviona katika sinema: mzee wa miaka mia, nyani anayesema, zimwi lenye paji pana. Vinyago vya karatasi na uji wa ngano tumevizoea. Vinafaa kwa siku moja, lakini mvua ikinyesha uwanjani siku ya Mei Mosi ndiyo mwisho wake. Tena mwigizaji akicheka, kinyago hakicheki naye.

Somo hili litaeleza jinsi mafundi wa sinema wa Marekani wanavyoifanya kazi hiyo. Litaeleza pia nani aliumia ndani yake, nani alipata jina, na nani alikosa kazi njia mpya ilipoingia. Sisi ni watu wa chama. Hatuwezi kusoma ufundi tukamwacha fundi nje ya mlango.

Ninaposema "uso wa akiba" nina maana ya nakala ya uso wa mtu iliyomiminwa kwa plasta ngumu. Mwenye uso anakwenda zake nyumbani, na nakala ya uso wake inabaki juu ya meza ya fundi. Juu ya nakala hiyo fundi anafinyanga pua kubwa au makunyanzi, anatoa kalibu, anamimina mpira, anapata kinyago. Kisha anasafisha udongo na kuanza kinyago kingine. Uso ule ule unaweza kuzaa mzee leo na nyani mwezi ujao, na vyote viwili vitamkaa mwenyewe sawasawa kwa kuwa vimepimwa kwake. Aliyefanya kazi katika kiwanda cha matofali au cha ndoo za plastiki ameshaelewa.

KWA NINI USO WA PILI

Mwaka 1931 studio ya Universal huko Hollywood ilitoa sinema ya Frankenstein. Zimwi lilichezwa na Boris Karloff, na fundi aliyempamba aliitwa Jack Pierce. Pierce hakutumia kinyago kilichomiminwa. Kila asubuhi alijenga lile paji juu ya kichwa chenyewe cha Karloff, kwa pamba na gundi kali inayokauka upesi, tabaka juu ya tabaka, kama mwashi anavyojenga ukuta. Kazi hiyo ilichukua kama saa 4, na usiku kulikuwa na kazi ya kubandua. Kesho yake, mwanzo tena. Baada ya saa hizo ndipo mwigizaji alianza siku yake mbele ya kamera, amevaa viatu vizito na nguo nzito. Siku moja ya kazi ya Karloff ilifika saa 25.

Wasomaji wa ukurasa huu najua mtauliza habari ya malipo ya ziada. Wakati ule waigizaji wa sinema hawakuwa na chama chenye nguvu ya kuuliza swali hilo. Mwaka 1933 waigizaji wa Hollywood walianzisha chama chao, Screen Actors Guild, na Karloff alikuwa mmoja wa waanzilishi. Zimwi lenyewe lilikwenda kwenye mkutano!

Sasa tazameni jinsi uso wa akiba unavyobadili hesabu hiyo. Mwigizaji anakaa mara moja tu kuchukuliwa uso, kwa muda usiofika hata saa moja. Kazi ya kufinyanga, ambayo ni ya siku nyingi, inafanywa juu ya plasta isiyochoka wala kuwashwa. Asubuhi anabandikwa kipande kilicho tayari. Sisemi kwamba taabu imekwisha. Mwaka 1970, katika sinema ya Little Big Man, fundi Dick Smith alimgeuza Dustin Hoffman kuwa mzee wa miaka 121 kwa vipande vingi vya mpira vinavyopandana kama mabati ya paa, ili kila sehemu ya uso icheze kwa namna yake. Kubandika tu kulichukua kama saa 5. Lakini zile siku za kufinyanga kila kunyanzi hakuwapo kitini.

KUCHUKUA USO

Hapa ndipo penye hatari, kwa hiyo tutakaa hapa kidogo.

Kabla ya yote mwulize mtu wako. Ana pumu? Ana mafua? Anaogopa mahali pa kufungwa? Mwenye mojawapo ya hayo asikae kitini, na asilazimishwe kwa kuchekwa. Mkubaliane ishara: akiinua mkono, kila kitu kinabanduliwa mara moja bila kuulizana.

Mafundi hutumia unga laini unaotokana na mwani, uitwao aljineti. Ni ule ambao madaktari wa meno huutumia kuchukua alama ya meno. Ukichanganywa na maji unakuwa kama uji mzito, na baada ya dakika chache unaganda kama ute wa yai lililochemshwa. Maji ya moto huugandisha upesi, maji ya baridi huuchelewesha. Funika nywele kwa kofia ya plastiki. Paka mafuta ya mgando kwenye nyusi, kope na ndevu. Anza kupaka uji kutoka kwenye paji kushuka chini, na tundu za pua zibaki wazi wakati wote. Mtu mmoja awekwe kwa kazi hiyo peke yake, kulinda tundu za pua, asifanye lingine lolote. Wapo wanaoingiza mirija puani. Msifanye hivyo. Mrija ukisukumwa unaumiza, na unapotosha umbo la pua ambayo ndiyo mnayoitafuta.

Uji ukishaganda bado ni laini na utapinda. Kwa hiyo juu yake hulazwa vipande vya bendeji za plasta, zile za hospitali anazofungwa mtu aliyevunjika mfupa, zinazoitwa na watu hogo. Hizo zikishika, mtu huinama mbele na kuchezesha mashavu ndani, na uso wote hutoka wenyewe mikononi mwake.

Msimwage plasta yenyewe moja kwa moja juu ya ngozi ya mtu. Plasta inapoganda hutoa joto, na kadiri ilivyo nene ndivyo joto linavyozidi. Mwaka 2007, katika mkoa wa Lincolnshire nchini Uingereza, msichana wa shule mwenye miaka 16 alitumbukiza mikono yake katika ndoo ya plasta ili kupata nakala yake kwa somo la sanaa. Plasta ikashika, mikono haikutoka, joto likapanda. Alipoteza vidole vyake vingi, na mwaka 2009 shule hiyo ilitozwa faini mahakamani. Huyo alikuwa darasani katika nchi yenye sheria na wakaguzi. Sisi mara nyingi tunafanya kazi nyuma ya ghala, mbali na daktari.

KUMIMINA PLASTA

Ule uji ulioganda una maji mengi, na yakianza kukauka uso unasinyaa. Basi mimina plasta mapema, saa ileile, msiache mpaka baada ya chakula.

Plasta huchanganywa kwa kuinyunyiza katika maji; maji hayamwagwi juu ya plasta. Nyunyiza kidogo kidogo mpaka unga ubaki juu kama visiwa, uache uzame, kisha koroga taratibu pasipo kuingiza hewa. Kwa kipimo ni kama kilo 1 ya plasta kwa maji robo tatu ya lita au pungufu kidogo. Tabaka la kwanza lipakwe kwa brashi laini ili liingie katika kila kijistari cha ngozi na lisiache mapovu. Tabaka la pili liwe na nyuzi ndani yake.

Na nyuzi hizo ni zipi? Ndugu zetu wa mashamba ya mkonge watafurahi: katika karakana za plasta hutumia katani. Nyuzi za katani zikichovywa katika plasta na kulazwa huku na huku huishika kama nondo zinavyoshika zege. Uso usio na nyuzi ukianguka ni vipande. Wenye nyuzi hupata ufa tu. Gunia la zamani lililofuliwa vizuri na kukatwa vipande linafaa pia.

Baada ya kukauka, sawazisha kwa kisu palipotokea vipele vya hewa, paka vanishi, na pembeni mwa uso, nje ya mashavu, chimba vishimo vitatu au vinne vya mviringo. Vishimo hivyo ni vya kukutanisha. Kalibu ya juu itakuwa na vinundu vinavyoingia humo, ili kila mara ifunge mahali palepale. Bila vishimo pua itakwenda kushoto.

Maji ya kuoshea vyombo msiyamwage katika bomba la karo. Plasta huganda hata chini ya maji, nanyi mtalipa fundi bomba.

KUFINYANGA

Watu wengi huharaka kufika hapa, kwa sababu hapa ndipo penye raha. Udongo bora ni ule uliokandwa kwa mafuta, kwa kuwa haukauki. Asiyeupata atumie udongo wa mfinyanzi wa kawaida uliochekechwa vizuri, na kila anapopumzika aufunike kwa kitambaa kibichi, la sivyo utapasuka.

Jambo la kwanza ni kuheshimu uso ulio chini. Palipo na mfupa karibu, kama paji na juu ya mashavu, udongo uwe mwembamba. Ukijaza udongo mwingi kila mahali utapata kichwa cha boga kisichoweza kukunja uso. Jambo la pili ni ukingo. Pale kinyago kinapokutana na ngozi ya mtu, udongo ufifie mpaka usionekane unapoishia. Fundi hupimwa kwa ukingo. Pua inaweza kuwa nzuri sana, lakini watazamaji wakiona mstari shavuni wameshajua kuwa ni kiraka.

Kwa vinyweleo vya ngozi kuna ujanja mdogo ambao mafundi wa Marekani wameutumia miaka mingi. Chukua ganda la chungwa, paka maziwa ya mpira juu yake tabaka kadhaa, yakauke, kisha bandua. Umepata muhuri wenye vipele. Gandamiza muhuri huo juu ya udongo, nao utaacha vishimo vidogo kama ngozi ya mtu mzima. Machungwa tunayo.

KALIBU YA JUU NA MPIRA

Ukishamaliza kufinyanga, zungushia ukuta wa udongo, paka mafuta au sabuni laini mahali plasta mpya itakapogusana na plasta ya zamani, kisha mimina tena kwa tabaka mbili kama mwanzo, unene wa vidole viwili. Lakini kabla hujamimina tazama vizuri kama kuna mahali palipobinuka ndani, kwa mfano nyuma ya bawa la pua. Plasta ikiingia humo itang'ang'ania, na siku ya kufungua utavunja kimojawapo. Paziba kwa udongo kwanza. Kufungua ni kwa kabari za mbao, polepole, pande zote. Bisibisi na nyundo ziacheni gereji.

Sasa ondoa udongo wote. Mna uso wa akiba chini na kalibu juu, na katikati pana nafasi tupu. Nafasi ile ndiyo kinyago.

Kuijaza kuna njia mbili. Njia nyepesi ni ya maziwa ya mpira. Wagema mpira hawahitaji kufundishwa kwamba maziwa yakiachwa huganda, na kwamba asidi huyagandisha haraka zaidi. Yale yanayouzwa kwenye madumu yametiwa amonia ili yasigande njiani. Mimina ndani ya kalibu ya juu, ambayo kwa ndani isiwe imepakwa vanishi wala mafuta. Plasta kavu itafyonza maji ya maziwa, na ngozi ya mpira itajengeka ukutani. Baada ya muda rudisha yaliyobaki katika dumu na uache ngozi ikauke kabisa. Kabla ya kubandua nyunyiza poda ya mtoto kila mahali, kwa maana mpira mpya ukijigusa hushikamana na hauachani tena. Kinyago hiki ni cha kuvaa na kuvua, nacho kinaweza kuchezewa mara nyingi.

Njia ya pili ni ya mpira wa povu. Maziwa hupigwa pamoja na sabuni na kiberiti cha unga mpaka yaumuke kama mayai ya keki, hutiwa dawa ya kugandisha, hujazwa katika ile nafasi, kalibu zote mbili hufungwa pamoja, na hupikwa katika joko kwa saa kadhaa katika joto lililo chini kidogo ya lile la maji yanayochemka. Kinachotoka ni chepesi kama sponji na hufuata kila mkunjo wa uso. Dawa ya kugandisha ni sumu, na joko hilo lisipikiwe chakula tena. Kwa vikundi vyetu nashauri njia ya kwanza.

Kipande cha mpira wa povu, kwa ule wembamba wa ukingo wake, huchanika kinapobanduliwa. Kwa kawaida hutumika siku moja na kutupwa. Kwa hiyo kinachodumu ni uso wa plasta na kalibu yake, na kila siku hupikwa kipande kipya. Sinema ya Planet of the Apes ya mwaka 1968 ilifanywa hivyo. John Chambers aliongoza kundi kubwa la mafundi kutengeneza nyuso za nyani kwa ajili ya waigizaji wakuu, wakati wale wa nyuma kwenye umati walivaa vinyago vya kuvuta kichwani. Chambers huyo, kabla ya sinema, alitengeneza pua na masikio ya bandia kwa askari waliojeruhiwa katika Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1969 alipewa tuzo ya heshima ya Oscar.

MAPAFU NA NGOZI

Kabla ya kumvika mtu kitu chochote cha mpira, paka tone la maziwa ya mpira upande wa ndani wa mkono wake, usubiri hadi kesho. Wapo watu ambao miili yao huukataa mpira, na kwa wengine uvimbe hufika kooni. Amonia huchoma macho na kifua, kwa hiyo madumu yafunguliwe nje au penye madirisha wazi. Anayesugua plasta iliyokauka afunge pua na mdomo kwa kifaa cha kuzuia vumbi, siyo leso.

Wenye haraka watasema ninatisha watu. Basi wasikie habari ya The Wizard of Oz. Mwaka 1938 kampuni ya MGM ilimchagua Buddy Ebsen acheze mtu wa bati. Ili ang'ae walimpaka unga wa alumini usoni. Unga ulipeperuka, akauvuta siku baada ya siku, na baada ya kama siku kumi za kazi pumzi zikakata, akapelekwa hospitali. Akiwa kitandani, nafasi yake alipewa mwingine, Jack Haley, na safari hii alumini ilichanganywa kuwa lihamu badala ya unga mkavu. Dawa ilikuwa rahisi kiasi hicho! Katika sinema hiyohiyo, mwezi Desemba 1938, Margaret Hamilton aliyecheza mchawi aliungua uso na mkono kwa moto wa jukwaani, na rangi yake ya kijani ilikuwa na shaba ndani yake, ikabidi isuguliwe haraka kwa spiriti juu ya ngozi iliyoungua. Alikaa nje ya kazi kama wiki sita.

JINA LA FUNDI

Turudi kwa Jack Pierce. Aliendelea na njia yake ya pamba na gundi wakati wengine walikuwa wameshahamia mpira na kalibu. Njia mpya ilikuwa ya haraka na nafuu kwa wenye studio. Baada ya vita, studio ilipoungana na kampuni nyingine mwaka 1946, Pierce aliachishwa, ingawa mazimwi yaliyoijaza fedha yalitoka vidoleni mwake. Alikufa mwaka 1968, mwaka uleule nyani wa mpira walipoonyeshwa. Mimi siilaumu kalibu. Katika kiwanda nilichofanyia kazi ujana wangu kalibu mpya zilipoletwa kutoka ng'ambo, fundi mzee aliyekuwa akizichonga alipewa ufagio. Angeweza pia kupewa mafunzo, na ufagio haukuandikwa mahali popote katika mkataba wake.

Mahali pa Pierce alikaa Bud Westmore. Mwaka 1954 ilitoka sinema ya Creature from the Black Lagoon, yenye yule mtu samaki mwenye magamba. Sura yake ilichorwa na mwanamke, Milicent Patrick; kichwa kilifinyangwa na Chris Mueller; vazi lilitengenezwa na Jack Kevan. Sinema ilipoonyeshwa, upande wa urembo liliandikwa jina moja tu, la Westmore, mkuu wa idara. Studio ilimtuma Patrick kuzunguka miji kuitangaza sinema. Mkuu wake akachukia kwamba watu wangedhani mwanamke huyo ndiye aliyeliumba zimwi. Aliporudi hakupewa kazi nyingine ya kuchora mazimwi pale. Ilichukua miaka mingi sana jina lake kurudishwa mahali pake.

Dick Smith, niliyemtaja juu, alikwenda njia nyingine. Studio nyingi zilificha vipimo vyao kama siri ya jeshi. Yeye mwaka 1965 alichapisha kitabu cha kuwafundisha vijana kutengeneza mazimwi nyumbani, na miaka yote aliwajibu waliomwandikia barua, akiwapa vipimo vyake waziwazi. Vijana kadhaa wa barua hizo walikuja kuwa mafundi wakubwa.

Uso wa akiba ukishatumika, usafishwe kwa brashi na maji kidogo, ukaushwe kivulini, ufungwe pamoja na kalibu yake kwa kamba ya katani na kuwekwa juu ya mbao, mbali na sakafu inayotoa unyevu. Utadumu miaka. Ni mali ya kikundi, lakini ni sura ya mtu, basi usiazimwe kwa kikundi kingine bila ya mwenyewe kuulizwa. Na upande wa nyuma, plasta ikiwa bado mbichi, chora kwa msumari jina la mwenye uso, jina la aliyefinyanga, majina ya waliomimina, na tarehe. Kalibu ya juu iandikwe hivyo hivyo. Muda wa kuandika ni dakika 10 hivi kabla haijawa ngumu, kwa hiyo msumari uwe mezani tangu mwanzo.